Nani Anaiambia Trela Isimame?

Mheshimiwa mwenyekiti, mafundi wenzangu, madereva, na ninyi wakulima na makandarasi mnaotafuta trela ya kubebea mitambo yenu, habari za asubuhi. Nimepewa mada ya kiungo na breki za trela iliyokwishatumika, na nadhani wengi mlipoiona kwenye ratiba mlihesabu mada mbili. Mimi nitaisema kama moja. Ukienda kukagua trela kuukuu, kabla hujapiga tairi teke na kabla hujauliza bei, uliza hivi: dereva akikanyaga breki, trela hii inapataje habari? Nani anaiambia isimame? Habari hiyo lazima ipite pale mbele, kwenye kiungo, iwe kwa waya, kwa mpira wa upepo, kwa mafuta au kwa msukumo wa chuma kwa chuma. Njia ikikatika mahali popote, unavuta mzigo usiosikia.

Tuanze na uzito, maana hapo ndipo watu hujidanganya. Chukua trela na mtambo wake, jumla tani 5, inakwenda kilomita 80 kwa saa. Nishati iliyomo katika mwendo huo ni kama megajuli 1.2. Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto, basi, hakuna miujiza mingine. Joto hilo linatosha kuchukua lita 3 na nusu za maji yenye nyuzi 20 na kuyafikisha kwenye kuchemka, na hapo umesimama mara moja tu. Kwenye mteremko mrefu breki inalila joto hilo dakika baada ya dakika bila kupumzika. Sasa sikilizeni: ukipunguza mwendo kutoka 80 hadi 40, nishati haipungui nusu, inabaki robo. Ndiyo maana dereva mzoefu hupunguza mwendo juu, kabla mteremko haujaanza.

Gari linalovuta lilitengenezewa breki za kulisimamisha lenyewe na mzigo wake. Trela ya tani 5 isiyofunga inalisukuma kwa nyuma, na kama gari limekaa upande kidogo, kwenye kona au kwenye tope, msukumo huo unalizungusha. Aliyewahi kushuka kilima akiwa mbele ya mkokoteni uliojaa hahitaji nimweleze zaidi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye trela kuukuu kinachojitembeza ni rangi mpya. Rangi ikiwa imepakwa juzi, hasa kwenye mkono wa mbele peke yake, mimi huwa naiangalia mara mbili. Nyufa za chuma hupenda kuanzia pale mkono unapoungana na chesi, na ufa mdogo huonekana kwa mstari mwembamba wa kutu unaotoka ndani ya rangi. Rangi nzito inauficha. Chukua brashi ya waya, omba ruhusa, sugua maungio. Muuzaji akikataa brashi ya waya, amekwishakujibu.

Haya, kiungo chenyewe. Kwenye trela ndogo na za kati utakuta kikombe kinachokaa juu ya tufe. Kwenye trela za kazi nzito utakuta pete inayoshikwa na ndoano au pini. Kwenye semi kuna pini nene inayoingia kwenye sahani mgongoni mwa gari. Na kuna trela ambazo mkono wake unapanda juu na kushuka ndani ya bodi ya pikapu. Nitakaa zaidi kwenye tufe, maana ndilo linalowapata watu.

Matufe mtakayokutana nayo zaidi ni la milimita 50, lililoenea Ulaya na kwingineko, na yale ya Kimarekani ya inchi 1 na 7/8, inchi 2, na inchi 2 na 5/16. Inchi 2 ni milimita 50.8. Mtu ataniambia, fundi, hiyo tofauti haifiki hata milimita moja. Kweli, lakini tufe la milimita 50 likishalika hadi 49 limekwisha, linatakiwa kutupwa. Maana yake katika kazi hii milimita moja ndiyo maisha yote ya tufe. Ukiweka kikombe cha inchi 2 kilicholegea juu ya tufe la milimita 50 lililokwishalika, umekusanya ulegevu wa pande mbili, na kila ukifunga breki vinagongana na kulana zaidi.

Kosa baya kuliko hilo ni kuweka kikombe cha inchi 2 na 5/16 juu ya tufe la inchi 2. Hapo pengo linakaribia milimita 8. Kitasa kitafunga, klipu itaingia, taa zitawaka, na dereva ataondoka akijua yuko salama hadi tuta la kwanza. Saizi imegongwa juu ya kikombe na juu ya tufe. Soma zote mbili kwa macho yako, usikubali kuambiwa. Ukishafunga, fanya jaribio hili: pandisha jeki ya mbele ya trela mpaka inyanyue kidogo sehemu ya nyuma ya gari. Kama kikombe kinachomoka, afadhali kichomokee hapo.

Karibu na saizi utaona uzito. Kikombe kina uwezo wake, tufe lina wake, bomba linaloshika tufe lina wake, gari lina wake, ekseli na tairi vivyo hivyo. Namba ndogo kuliko zote ndiyo uwezo wa safari nzima. Nimeona trela yenye ekseli mbili nzito na kikombe cha trela ya boti mbele yake. Aliyekiweka alikuwa nacho mkononi, basi akakichomelea.

Pete na ndoano ni chuma kigumu, hazina siri nyingi. Pete hulika upande unaovutwa, kwa hiyo pima unene pale ilipolika na ulinganishe na upande usiogusa kitu. Angalia pia kama imekuwa yai. Pete inayozunguka, hakikisha inazunguka. Na msikubali pete iliyojazwa kwa kuchomelea ili ionekane nene. Chuma kile kilipata ugumu wake kiwandani, na moto wa fundi unauondoa. Hivyo hivyo kwa minyororo ya usalama. Mnyororo uliochomelewa moja kwa moja kwenye chesi umeshapoteza nguvu kwenye pingili ileile itakayobeba mvuto wote siku ya siku. Unatakiwa kushikwa kwa bolti au pingu yenye uwezo wake. Iwe miwili, ipishane chini ya mkono wa trela, ili kiungo kikichomoka mkono uangukie juu ya minyororo usichimbe barabara. Urefu uruhusu kona, usiburute.

Uzito unaokaa juu ya kiungo nao ni sehemu ya breki, ingawa watu hawauhesabu hivyo. Kwa trela za kuvutwa kwa tufe, kawaida ya Marekani ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ukae mbele. Magari mengi ya Ulaya yanaruhusu uzito mdogo kuliko huo, hivyo kibao cha gari lako ndicho kinachoamua. Mbele pakiwa pepesi mno trela inaanza kuyumba kama mkia. Pakiwa pazito mno, nyuma ya gari inazama, matairi ya mbele yanapungukiwa na uzito, na hayo ndiyo yanayofanya kazi kubwa ya breki na usukani. Na kwa mitambo, kosa dogo linazaa namba kubwa. Kijiko cha kuchimbia cha kilo 2,500 juu ya trela ambayo kutoka kiungo hadi katikati ya ekseli ni mita 4: ukikisogeza mbele sentimita 40 tu, umeongeza kilo 250 juu ya kiungo. Kwa hiyo kabla ya kununua, peleka vipimo vya mtambo wako. Jua utakaa wapi juu ya sakafu ile, ndoo ikiwa imelala mbele au nyuma.

Sasa breki. Ya kwanza ni ile inayofanya kazi kwa msukumo. Gari likipunguza mwendo, trela inakuja mbele, mkono unaingia ndani ya ala yake, na ule mwendo mfupi unavuta fimbo na nyaya za breki au unasukuma pampu ya mafuta. Hapa kiungo chenyewe ndicho pedali. Uzuri wake ni kwamba haihitaji chochote kutoka kwenye gari, funga, ondoka. Ubaya ni kwamba dereva hawezi kuifunga trela peke yake ikianza kuyumba, na kwenye mteremko mrefu inakaa imesukumwa muda wote na kuchemka. Ulaya aina hii inaishia kwenye trela za jumla ya kilo 3,500.

Ikague hivi. Vuta breki ya mkono, kisha sukuma trela nyuma mpaka mkono uzame ndani. Ndani mna kizuia mshtuko, na kikiwa kizima mkono utarudi nje wenyewe, polepole. Ukiingia na kutoka kama droo ya meza, kizuia mshtuko kimekufa, na kila ukigusa breki trela itakupiga kwa nyuma. Usipoingia kabisa, kutu imekwisha kuushika, na hapo huna breki hata kama viatu vya breki, vile vipande vinavyobana dramu ndani ya gurudumu, ni vipya. Tazama vilevile mpira wa kukunjamana unaofunika ule mkono: ukichanika, maji na mchanga huingia. Zile zenye pampu ya mafuta, fungua kifuniko. Mafuta yaliyogeuka meusi kama kahawa yamekaa miaka, yamenyonya maji, na maji hayo huchemka kwenye joto la breki. Pedali ya chuma inageuka sifongo.

Jambo jingine: kurudi nyuma. Ukirudisha trela ya aina hii unaisukuma, na yenyewe inaelewa kwamba inaambiwa isimame. Mpya nyingi zina utaratibu ndani ya dramu unaoachia magurudumu yakizunguka kinyumenyume. Nyingine hutegemea umeme wa taa ya ririvasi kufunga njia ya mafuta. Kama plagi ya trela haina waya huo, au gari lako halina, hutaweza kurudi kilimani. Jaribu papo hapo kwa muuzaji.

Aina ya pili, ya umeme, ina mengi, na ndiyo ninayoipenda kwa sababu inapimika. Ndani ya kila dramu kuna sumaku. Ukikanyaga breki, kidhibiti kilichoko kabini kinapeleka umeme, sumaku inang'ang'ania uso wa dramu inayozunguka, inavutwa nayo, na mkono wake unapanua viatu vya breki. Gurudumu linajifunga kwa nguvu ya mzunguko wake lenyewe. Bila kidhibiti kabini hakuna kitu. Na sumaku hizi karibu zote ni za volti 12. Anayetaka kuivuta kwa lori la volti 24 ajue ataziunguza, isipokuwa aweke kifaa cha kupunguza volti.

Chukua mita. Sumaku nzima ya kawaida ina ukinzani wa ohm 3 na kidogo, hivyo kwa volti 12 inakula kama ampea 3 na robo tatu. Trela ya ekseli mbili yenye breki kwenye magurudumu yote manne inatakiwa ivute karibu ampea 15 breki ikifungwa kamili. Ukipata 11, gurudumu moja limelala. Ukipata 7, mawili. Huna haja ya kufungua kitu kujua hilo. Ikija pungufu kidogo kwa magurudumu yote, shuku nyaya nyembamba au waya wa hasi ulioshikwa kwenye chuma chenye kutu. Nasisitiza waya wa hasi: kabla hujamlaumu fundi aliyefunga breki, mpe hasi waya wake wenyewe kutoka plagi hadi nyuma. Asiye na mita anaweza kusogeza dira karibu na dramu. Sindano ikicheza breki inapofungwa, sumaku inapata umeme.

Halafu toa angalau dramu moja. Muuzaji makini hatakataa. Uso wa sumaku uwe umelika sawasawa. Ukiwa umelika upande, mkono wake umelegea au beringi zina mchezo. Sumaku nyingi zina matundu madogo usoni kwa ajili ya kuonyesha kulika, na yakifutika sumaku imekwisha. Kwenye dramu utakuta kipimo cha mwisho kimegongwa. Dramu ya inchi 12 kwa mfano huruhusiwa kufika inchi 12.09, haiongezwi hapo. Viatu vyenye grisi ni vya kutupa, pande zote mbili za ekseli ile, kwa sababu mafuta yakishanyonywa hayatoki kwa petroli wala kwa moto. Na grisi haikufika pale yenyewe. Ama sili imechoka, ama kuna mtu aliyekuwa anapiga grisi kwa bidii mpaka ikapita. Vumbi la breki msilipulize kwa upepo, la zamani linaweza kuwa na asbesto. Lilowesheni kwa maji mfute.

Kukaza breki hizi ni jambo la mwaka mzima. Nyuma ya bamba kuna tundu lenye gurudumu dogo la meno. Kaza mpaka gurudumu la trela ligome kuzunguka, kisha legeza kama meno kumi, libaki linakwaruza kidogo tu. Baada ya kufunga viatu vipya, rudia kukaza ukifika mwendo wa kilomita 300 hivi, na baadaye kila kilomita 4,800 au karibu na hapo. Trela nyingi kuukuu zinazosemwa hazina breki, zina breki ambazo hazijakazwa.

Kisanduku kidogo mbele chenye betri ndicho cha kuokoa maisha trela ikichomoka. Kebo nyembamba inatoka humo hadi kwenye gari; ikivutwa, pini inatoka na betri inafunga breki zote. Sheria ya Marekani inataka ziendelee kushika angalau dakika 15. Kebo hiyo ifungwe kwenye mwili wa gari, kamwe isifungwe kwenye mnyororo wala kwenye tufe, maana vitu hivyo vikiondoka vitaondoka nayo. Vuta pini mwenyewe, jaribu kuvuta trela kwa gari. Magurudumu yaburutike. Kisanduku kikiwa hakina betri ndani, na hilo ni la kawaida kuliko mnavyodhani, andika kwenye orodha ya kupunguza bei.

Breki za upepo madereva wa malori mnazijua kuliko mimi, nitagusa mawili matatu. Mpira mwekundu unaleta upepo wa kujaza, na wa manjano au wa buluu unaleta amri. Jaza upepo, achia breki, kisha kata mwekundu: trela ijifunge papo hapo. Kisha nenda nyuma utazame vile vyungu vya breki vyenye springi inayofunga breki upepo ukikosekana. Katika trela iliyolala muda mrefu utakuta kuna mtu amefunga bolti ya katikati na kuikandamiza springi ili trela iweze kuvutwa, akaiacha hivyo. Trela ile haina breki ya maegesho wala ya dharura. Na chungu hicho msikifungue. Springi iliyomo inaua. Kwa kupima mkazo, weka alama ya chaki kwenye fimbo inayotoka kwenye chungu, mwenzako akanyage, upime. Chungu cha aina ya 30, ambacho ndicho cha kawaida, fimbo isipite milimita 51. Trela za zamani zisizo na springi hushikwa na upepo uliobaki kwenye tangi tu, na ukivuja usiku, asubuhi trela inaweza kuwa imehama. Wekeni kabari kwenye magurudumu.

Kuna na trela za shambani zenye breki ya mafuta inayolishwa na trekta. Ni trela nzuri, imara, na bei yake huvutia. Mtu anainunua, anatoa trekta, anaweka pikapu. Mpira wa mafuta anaufunga kwa waya pembeni usiburute. Viatu vipo, dramu zipo, silinda zipo, na hakuna anayeziambia chochote. Nikiulizwa ni kosa gani la ununuzi linaloniudhi zaidi, ni hilo, kwa sababu kwenye ukaguzi kila kifaa kinaonekana kizima. Amueni kwanza mtavutia gari gani, ndipo mtafute trela inayozungumza nalo.

Mwisho wa ukaguzi ni barabarani, na mzigo juu. Trela tupu haikwambii kitu, itaruka na kufunga magurudumu ovyo hata breki zikiwa nzima. Nenda kilomita chache, funga breki mara kadhaa kwenye sehemu iliyonyooka, kisha simama na uzunguke ukisogeza kiganja karibu na kila habu, kitovu cha gurudumu, bila kuigusa. Zote ziwe na vuguvugu linalofanana. Iliyo baridi haifanyi kazi. Inayounguza, ama breki imeng'ang'ania ama beringi inakufa; inyanyue kwa jeki uizungushe, ukisikia mkwaruzo wa mchanga ni beringi, ikiwa nzito tu ni breki.

Muuzaji akisema hakuna gari la kuijaribia, fanya hesabu ya breki mpya kwa magurudumu yote, kiungo kipya na nyaya mpya, toa kwenye bei anayotaka, na ufungue mazungumzo kutokea hapo. Karibuni maswali, na wenzetu mliokuja na trela zenu, baada ya chai tutatoa dramu.